Nyumbani na Mjini: Ni Nani Amlishaye Mwenziwe?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, na kupigwa chapa kwa ombi la wanachama)

Nimeombwa nieleze jambo ambalo kila mmoja wetu hulinong'ona jikoni, wala hapana apendaye kulitamka barazani, nalo ni uchungu ulio baina ya watu wetu wa mjini na watu wetu wa nyumbani.

Jambo hili si la kupitisha wakati. Mwaka huu Halmashauri imepokea maombi mawili, na yote mawili yatapigiwa kura leo alasiri. Ombi la kwanza limetoka kwa ndugu zetu wa tawi la Nairobi, nalo lasema ya kuwa mtu asiyelipa ada ya kila mwezi kwa fedha taslimu asisaidiwe na Mfuko wa Mazishi. Ombi la pili limetoka kwa baadhi ya wazee wa hapa nyumbani, nalo lasema ya kuwa mtoto aliyezaliwa mjini akakulia huko, wala hajajenga hata kibanda katika boma la baba yake, asihesabiwe shamba linapogawanywa. Tukikubali la kwanza, karibu wajane wetu wote watazikwa bila msaada wa Chama. Tukikubali la pili, vijana wengi wa Kangemi na Kawangware watakuwa watu wasio na kwao. Maombi haya yamekuja katika bahasha mbili, lakini naona ni ugomvi mmoja.

Tuanze na maneno yenyewe. Wa mjini husema: watu wa nyumbani hudhani ya kuwa fedha huokotwa barabarani. Simu yao hulia paa likivuja, ng'ombe akiugua, au mtoto akifukuzwa shuleni kwa karo. Hailii kuuliza kama umekula. Umetuma fedha za mbolea, na ukija Desemba waona magugu. Wa nyumbani nao husema: hawa huja mara moja kwa mwaka na watoto wasiojua kumwamkia babu yao, hula kuku waliolelewa miezi minane, hupakia basini ndizi, njugu na unga, kisha hawaonekani tena mpaka waje na jeneza. Vijana wa mjini wamebuni na jina, wapaita kwetu "ushago", na wazee husikia neno hilo kama tusi, ijapokuwa wengi walisemao hawana nia mbaya.

Sisemi ya kwamba maneno haya ni ya uongo. Mengi ni kweli. Nasema tu ya kwamba kila upande waamini kuwa ndio unaoulisha mwingine, na pande zote mbili zimesahau jinsi hesabu hii ilivyoanza.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na ilipofika Disemba 1901 garimoshi likafika Kisumu. Katika miaka ile ile watu wetu walianza kutozwa kodi ya nyumba, na mwaka wa 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha haikuota shambani. Ilipatikana relini, katika mashamba ya walowezi na katika nyumba za Wazungu. Sheria ya kipande ikapitishwa mwaka wa 1915, ikatiwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kila mwanamume akavaa shingoni cheti kilichoonyesha ni nani aliyemwajiri na lini aliachwa. Mtu alikwenda mjini kwa sababu alisukumwa, wala si kwa kuwa alipachoka nyumbani.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mshahara aliolipwa mtu yule ulihesabiwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke. Mwajiri hakuajiri mtu na jamaa yake. Ilichukuliwa ya kuwa mke na watoto wana shamba lao, basi watajilisha. Nyumba nazo zilijengwa kwa hesabu hiyo hiyo: katika landi za reli za Muthurwa, na katika mitaa ya Pumwani na Shauri Moyo, wanaume kadha walilala chumba kimoja, na mtu alikodi nafasi ya kitanda, si nyumba. Serikali yenyewe ilikuja kuungama jambo hili. Kamati ya Mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter, ilitoa taarifa yake mwaka wa 1954, ikasema ya kuwa mishahara ya mijini imewekwa kwa kipimo cha kapera, na ikashauri iongezwe kidogo kidogo mpaka itoshe mtu na jamaa yake. Yaani kwa muda wa nusu karne nzima, sehemu ya mshahara ya kulisha mke na watoto haikulipwa na mwajiri. Ililipwa na mama aliyeshika jembe hapa nyumbani.

Basi mzee akisema, "Sisi ndio tuliowalisha," asema kweli. Na kijana wa mjini akisema, "Fedha zangu ndizo zilizoezeka nyumba hii kwa mabati," naye asema kweli. Ambalo halisemwi ni kwamba pande hizi mbili kwa pamoja zilikuwa zikimlisha mtu wa tatu, aliyepata mfanyakazi mzima kwa bei ya nusu. Yeye hakuja katika mkutano huu, wala hatajwi tunapogombana. Twashikana mashati sisi kwa sisi juu ya deni ambalo hapana mmoja wetu aliyelikopa.

Na katika hesabu hiyo aliyebeba mzigo mzito alikuwa mwanamke. Yafaa tukumbuke jambo ambalo vyama vya zamani kama hiki chetu havikupenda kuliandika. Katika miaka ya 1940 na 1950 vyama vya watu wa Nyanza vilivyokuwa Nairobi, na wakati ule hata sisi tulihesabiwa katika Nyanza, vilijipa kazi ya kuwatafuta wanawake waliokuja mjini bila waume na kuwarudisha nyumbani kwa nguvu. Ilisemwa ya kuwa ni kulinda heshima ya kabila. Kwa maoni yangu walikuwa wakilinda shamba lisikose mlimaji, maana yule mwanamke akihama, mshahara wa kapera usingemtosha mtu yeyote.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963 wengi walidhani mambo haya yatakwisha. Mwaka wa 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana: waajiri waongeze wafanyakazi, na vyama visidai nyongeza ya mishahara. Habari zilipofika vijijini, watu zaidi ya 200,000 walijiandikisha kutafuta kazi, na waliopata walikuwa wachache. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi la Ulimwengu lilitoa taarifa kubwa juu ya Kenya, nayo ilionyesha jinsi mapato ya mjini na ya mashambani yalivyoachana, na jinsi pengo hilo lilivyozidi kuwavuta watu waende kutafuta hata kazi isiyokuwapo. Taarifa ile ilisomwa sana na wataalamu. Huku kwetu ilifika kama vile mvua ifikavyo jangwani.

Nije sasa katika ardhi, maana ombi la pili ni la ardhi. Wazee, nawaelewa. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 wilaya yetu ya zamani ya Vihiga, ambayo sasa ni kaunti, ilionekana kuwa na watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Mtu mwenye ekari moja kwetu ni tajiri. Ukilikata shamba hilo vipande vinne, na kila kipande tena vinne, mwisho wake ni kaburi na migomba mitatu. Mzee aonapo kijana asiyejua hata mpaka uko wapi akija na wakili kudai sehemu yake, moyo wake huwaka, wala si ajabu.

Lakini tazameni na hofu ya huyo kijana. Mashamba ya sehemu zetu yalipopimwa na kuandikishwa, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, kwa Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka wa 1963, aliyekuwapo nyumbani siku ya kupima ndiye aliyeandikwa. Ndugu yake alikuwa Mombasa bandarini au Nakuru katika reli. Na sheria ile ilikuwa kali: uandikishaji wa kwanza haukuweza kutenguliwa hata pakiwa na udanganyifu, na ndugu wengi walipata nafuu mahakamani kwa kudai tu ya kuwa aliyeandikwa ameshika shamba kwa amana. Mtu alirudi na kiinua mgongo chake akakuta shamba la baba lina jina moja. Hofu hiyo wamewarithisha watoto wao, na ndiyo sababu kijana huja na wakili kabla ya kuja na sukari ya kumsalimia mjomba wake.

Tena kuna sheria. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, nayo hatujui sana au twajifanya hatuijui. Mzee akiwa hai ana hiari ya kugawa mali yake. Akifa bila wosia, na mama naye akiisha kuondoka, watoto wote hugawana sawasawa, wana kwa mabinti, aliyejenga na asiyejenga, wa Kawangware na wa hapa. Chama hakina uwezo wa kupitisha neno lililo kinyume cha hayo. Twaweza kulipigia kura, naam, lakini tutakuwa tumewatuma wazee wetu mahakamani kwenda kushindwa, nao watalipa gharama.

Juu ya mazishi sitasema mengi, kwa kuwa kila mmoja hapa ana hadithi yake. Wengi mwakumbuka shauri la marehemu S. M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao la Matasia, upande wa Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa miezi mitano. Mahakama ya Rufani iliamua tarehe 15 Mei 1987 kwa upande wa ukoo, akazikwa Nyalgunga tarehe 23 mwezi huo. Nchi nzima ilijifunza siku zile kutofautisha nyumba na nyumbani: ya kwamba mtu aweza kuwa na nyumba Nairobi miaka 30, na nyumbani kwake pawe kwingine. Tangu hapo wazee wetu huitaja hukumu ile kwa fahari. Mimi nakumbuka zaidi ile miezi mitano, na ndugu waliokuwa wakisalimiana kwa kupitia mawakili.

Siku hizi kugombania mahali pa kuzika kumepungua kwetu, lakini gharama imekuwa ugomvi mpya. Mahema, viti vya kukodi, gari la maiti, mabasi mawili, fahali, picha, na vipaza sauti vitakavyolia hadi alfajiri. Wa mjini walipa na kunung'unika. Wa nyumbani, ambao hawakuagiza mahema, ndio wachotao maji, wapikao usiku tatu, wachimbao kaburi na kulaza wageni 40 katika vyumba viwili. Wageni wakiisha kuondoka, wao hubaki na kuni zilizokwisha na shamba lililokanyagwa. Hayo hayaandikwi katika daftari ya Mfuko. Daftari ina safu moja tu, ya shilingi.

Na hapa yanijia neno juu ya simu. Zamani fedha ilikuja kwa hawala ya posta, au katika bahasha aliyopewa kondakta wa basi, na ndani yake palikuwa na barua. Barua ilianza kwa salamu ukurasa mzima kabla ya kufika kwenye fedha, na mzee alisomewa na mjukuu wake mara mbili. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, fedha hufika kabla hujafunga mlango, nasi twaishukuru, maana imeokoa maisha ya wagonjwa. Lakini fedha sasa huja peke yake, bila salamu, na ombi nalo huja peke yake. Naamini nusu ya uchungu huu ni ile barua iliyokoma kuandikwa.

Ushahidi wa mwisho ni wa mwaka wa 2020. Ugonjwa wa korona ulitangazwa Kenya tarehe 13 Machi, na tarehe 6 Aprili serikali ikakataza watu kutoka na kuingia Nairobi. Amri hiyo ilidumu hadi tarehe 7 Julai. Wengi wa wanachama wetu walikosa kazi katika juma moja: wapishi wa hoteli, wajenzi, mama waoshao nguo nyumba kwa nyumba. Kodi ya nyumba haikusimama. Na kutoka nyumbani wengine waliambiwa, kwa haki, wasije kuwaua wazee kwa ugonjwa. Ilikuwa kweli, hata serikali ilisema hivyo. Lakini neno la kweli likisemwa na mama yako mzazi huumiza zaidi ya likisemwa redioni. Wa nyumbani nao walikaa miezi mitatu bila shilingi ya chumvi wala ya dawa ya shinikizo la damu. Njia ilipofungwa, kila upande uliona wazi kiasi gani ulimtegemea mwenziwe. Njia ilipofunguliwa tukasahau.

Natuhesabu basi, kwa mfano tu. Tuseme kijana ana watoto wawili wanaolelewa na nyanya yao hapa, naye hutuma shilingi 2,500 kila mwezi, yaani shilingi 30,000 kwa mwaka. Yeye husema ametoa 30,000. Lakini angekaa na watoto hao mjini, angekodi chumba cha pili, angelipa mtu wa kuwaangalia mchana, angenunua unga, mboga, kuni au makaa, na hata maji kwa mtungi wa lita 20. Je, 30,000 ingemfikisha mwezi wa tano? Nyanya naye asema amelea bure. Lakini mboga na mahindi ya robo ekari hayalipi karo, wala hospitali, wala mabati. Nimewauliza watu kadha hesabu hii kwa zamu, wa huku na wa huko, na wengi hunyamaza kidogo kisha husema, "Sikuwahi kuihesabu."

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, ushauri wangu ni kwamba maombi yote mawili yakataliwe. Lakini kukataa peke yake hakutoshi, maana wenye kulalamika wana haki ya kujibiwa.

Kwa Mfuko wa Mazishi nashauri ada ya wa nyumbani iruhusiwe kulipwa kwa kazi na kwa chakula: aliyepika, aliyelaza wageni, aliyetoa debe la mahindi, aliyechimba kaburi, aandikwe jina na alichotoa, na maandishi hayo yawe sawa na risiti. Na gharama ya mazishi iwekewe mpaka: gari moja la maiti na basi moja, zaidi ya hapo jamaa wajilipie. Najua vijana wa tawi la Nairobi hawatapenda mpaka huo, kwa kuwa mazishi yamekuwa mahali pa kuonyeshana magari. Na waseme leo mbele yetu.

Kwa ardhi, kila tawi lilete majina ya watoto wa wanachama waliozaliwa mjini, na jina la kijiji cha babu yao, ili mzee asishtuliwe na mtu asiyemjua. Watoto hao waje hapa likizo ya Agosti, si Desemba wakati wa sherehe, waonyeshwe mipaka na wazee wenyewe. Na baraza la ukoo lisikae kugawa shamba la marehemu kabla ya kuwaandikia barua warithi walio mbali na kungoja miezi mitatu. Wakili asiitwe kabla ya miezi hiyo kwisha. Ajapo mtu kuuza, tukumbuke ya kuwa tangu mwaka wa 1967 shamba haliuzwi bila idhini ya Bodi ya Ardhi, wazee wanaoketi huko wana haki ya kuuliza, "Na ndugu zako wa Mombasa wamesemaje?"

Karani ameandaa daftari jipya lenye safu mbili, moja ya fedha na moja ya kazi na chakula. Liko juu ya meza iliyo karibu na mlango, pamoja na kalamu na kidau cha wino kwa wale watakaotia kidole. Naomba mama zetu watangulie kuandikwa kabla ya chakula, ili majina yao yawemo tutakapopiga kura saa nane.